Mwite Mama

Samaki alimpata Talala shavuni, chapa! kabla hajamwona aliyemrusha. Alikuwa jike kubwa lenye mayai tele, na alimwachia msichana wa watu magamba mpaka ndani ya sikio.

Majira hayo maporomoko ya maji hujaa watu kuliko siku nyingine zote. Samaki wa fedha wanapanda kutoka baharini kuja kutaga, na vijiji vyote vya mto wetu vinateremka kuwapokea. Wanaume wamo majini mpaka viunoni wakiburuta wavu mrefu wa mizabibu ya mwituni, wanawake wako ukingoni na visu, moshi wa kukaushia samaki unachoma macho, na kila mtu anapiga kelele kwa sababu maji nayo yanapiga kelele. Ukitaka mchumba, nenda huko. Ukitaka ugomvi, nenda huko huko.

"Nani huyo?" Talala alisimama na kisu mkononi. "Nani amenirushia samaki usoni? Ajitokeze!"

Aliyejitokeza alikuwa kijana mrefu, kichwa kimenyolewa pande zote mbili, katikati limeachwa shungi la nywele linalong'aa mafuta ya dubu. Maji yalimchuruzika mwili mzima. Aliitwa Wulalowe, na alikuwa anajikaza asicheke.

"Samahani dada. Nililenga kikapu."

"Kikapu kiko kule! Uso wangu uko huku! Vinafanana?"

"Nikisema ndiyo, utanichoma kisu. Nikisema hapana, utaniuliza nilikuwa natazama nini."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Huo huo uso."

Wanawake wa pembeni waliangua kicheko. Talala alijifuta magamba, na hapo ndipo Wulalowe alipomwona vizuri: sketi ya ngozi ya kulungu yenye mashada, shanga za kombe za rangi ya zambarau shingoni, na mstari wa rangi nyekundu uliochorwa kwenye njia ya nywele, umelowa na kuanza kumteremkia kwenye paji la uso.

"Kwanza dada yako nani?" alisema Talala. "Wewe ukoo gani?"

"Mbwa-mwitu."

Talala alikiweka kisu chini taratibu. Kwetu ukoo tunaurithi kwa mama, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata wakizaliwa mbali vipi. Hawaoani. Ndiyo maana swali hilo huulizwa mapema, kabla moyo haujajiingiza mahali utakapotolewa kwa nguvu.

"Mimi ni Kobe," alisema. "Basi usiniite dada tena."

"Sitakuita tena."

Laiti angejua!

Kutoka majini mtu alipiga mluzi. Alikuwa Chemames, binamu yake Talala, ambaye jina lake maana yake ni sungura, na miguu yake ilistahili jina hilo. "Wewe Wulalowe! Kulungu unamlenga vizuri, leo umekuja kumuua dada yangu kwa samaki?"

"Dada yako ana shavu gumu!"

"Hujausikia ulimi wake!"

*

Siku hizo hapakuwa na simu, lakini palikuwa na mto. Wulalowe alikaa kijiji cha ng'ambo, na kila asubuhi Talala aliposhuka kuteka maji, sauti ilivuka.

"Talalaaa! Umekula?"

"Nimekulaaa! Wewe je?"

"Bado! Nakungojea wewe unipikie!"

"Utakufa na njaa!"

Vijiji viwili vizima vilisikia. Akina mama waliacha michi yao juu ya vinu wapate kusikiliza vizuri. Mwenye siri hapigi kelele namna ile, kwa hiyo mahindi yalipofika kiunoni kila mtu alikwisha jua, na kila mtu aliridhika.

Mahindi yalipoanza kubeba, Talala alipewa zamu ya kulinda shamba juu ya jukwaa la miti. Kunguru kwetu hauawi, maana ndiye aliyetuletea punje ya kwanza ndani ya sikio lake. Anafukuzwa tu, tena kwa adabu. Wulalowe alivuka kwa mtumbwi kuja kusaidia kufukuza, na kunguru walikula sana siku hizo.

"Majani yakianza kudondoka naenda mawindoni na kaka yako Chemames," alimwambia. "Kulungu wangu wa kwanza, paja lake mama yangu ataliweka mlangoni kwenu."

Talala aliangalia mahindi asionyeshe uso wake. Paja la kulungu ndiyo posa yetu. Mama wa mvulana analileta, anasema mwanangu ameua, anaondoka. Nyumba ya msichana wakilipika na kulila, kisha wakarudisha mkate wa mahindi na maharage uliopikwa na msichana mwenyewe, mambo yamekwisha. Mume anahamia nyumbani kwa mke. Maneno mengi hayatakiwi.

"Na wasipolila?"

"Nitachagua lenye mafuta. Hata Bibi Pilsit, yule mkubwa wa ukoo wenu mwenye meno matatu, atalila."

"Bibi Pilsit si neno. Mwenye nyumba ni mama mkubwa." Mama yake Talala alifariki siku ya kumzaa, na dada wa marehemu, Mama Chemames, ndiye aliyemlea pamoja na mwanawe wa pekee. "Sikia, nikupe siri. Ukija kwetu usimwite shangazi. Mwite mama. Alitaka watoto wengi akapata mmoja. Ukimwita mama, moyo wake unayeyuka."

"Mama," alijaribu Wulalowe.

"Kwa upole. Kama mtu aliyezoea."

"Mama. Nimekula, mama."

"Hivyo hivyo, mpenzi wangu. Sema tena."

Akasema tena, huku anacheka, na kunguru wakaendelea na shughuli zao.

*

Majani yalidondoka. Wawindaji waliwasha moto wa duara msituni, kulungu wakakimbilia mtoni, na mshale wa Wulalowe ukampata dume moja kubwa begani. Dume halikuanguka. Liliingia majini na mshale wake likaanza kuogelea.

"Huyo wako!" alipiga kelele Chemames. "Huyo ndiye shemeji yangu anaondoka! Nitamwambia nini Talala?"

"Mwache! Maji ya baridi hayo!"

"Dada yangu aposwe kwa mkia? Haiwezekani!"

Akajitosa huku anacheka. Alimfikia, akamshika pembe, akamsukuma mpaka penye maji haba, na watu ukingoni wakashangilia. Kisha baridi ikamkamata miguu, ile miguu yake ya sifa. Mkondo ukamchukua. Wulalowe alijitupa nyuma yake, akampata chini sana, kwenye mizizi ya mti, na alipomtoa hakuwa anacheka tena wala hakuwa anapumua.

Kuanzia hapa jina lake sitalitaja. Jina la marehemu kwetu halitamkwi, lisije likamsumbua njiani aendako. Na kwa kuwa mama yake alikuwa anaitwa kwa jina la mwanawe, siku ile naye alibaki hana jina. Watu wakamwita Yule Mama, kwa sauti ya chini.

Talala alimlilia kaka yake mpaka sauti ikakauka. Baada ya maziko siku zake za mwezi zikamkuta, akaenda kukaa katika kibanda cha wanawake kando ya kijiji, mahali ambapo mwanamume hasogei. Ndiyo sababu hakuwapo Wulalowe alipokuja kuomba radhi.

Yule Mama alikuwa ameketi chini, nywele zimefumuka, uso mzima umepakwa masizi. Tangu mazishi hajaonja kitu. Wanawake wote wa ukoo wa Kobe walikuwa wamemzunguka, na Bibi Pilsit, mkubwa wao, alikuwa ameshika bakuli la ugali uliopoa ambao haukupata wa kuula.

Wulalowe alipiga magoti. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, yakampotea yote. Yule Mama aliinua uso, akamtazama muda mrefu, akampapasa shungi la nywele.

"Mwanangu," alisema, "umekula?"

Hakuwa amekula. Tangu mtoni chakula kilikuwa kinamkwama kooni. Lakini mwanamke yule alikuwa anamtazama kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na mdomoni mwa Wulalowe lilikuwamo neno moja tu lililozoea njia.

"Nimekula, mama."

Yule Mama akanyosha mkono akachukua bakuli, akaanza kula.

"Mmesikia?" aliuliza Bibi Pilsit.

"Tumesikia," waliitika wanawake.

Wulalowe aligeuza macho huku na huku. Alijua desturi, nani asiyeijua? Kifo kikichukua mtu, wanawake wa ukoo wanaweza kumweka mwingine mahali pake: wanamvika nguo za marehemu, wanampa jina lake, naye anakuwa yeye hasa, si mfano wake. Lakini halazimishwi mtu. Mfiwa humwita mwana, na anayekubali humjibu mama.

"Bibi," alisema, "mimi nilimwonea huruma tu."

"Na sisi tunamwonea huruma," alisema Bibi Pilsit. "Basi tumekubaliana."

Walipeleka mikufu ya shanga ng'ambo kwa mama yake mzazi. Mama huyo alizitazama zile shanga, akalitazama paja la kulungu lililokuwa linaning'inia juu ya moshi, lile lile la posa. Mwana wa wenyewe alikufa kwa kulifuata. Angekataa kwa mdomo gani? Alizipokea, akaingia ndani, akalia peke yake.

*

Habari zilimfikia Talala kibandani kwa mdomo wa shangazi aliyeleta chakula, na shangazi huyo hakuwa na ulimi wa pamba.

"Wulalowe amekuwa kaka yako. Amemjibu mama mkubwa mwenyewe, mbele ya watu. Nguo amekwisha vikwa."

"Unanitania."

"Msiba una utani gani? Vijana wa siku hizi, mwanangu! Wakiogopa kuoa hawakosi pa kujificha."

Talala alipotoka kibandani alimkuta Wulalowe ameketi nyumbani kwao, upande wa kaka yake, amejifunika joho la manyoya ya bata mzinga ambalo Talala mwenyewe alilishona unyoya kwa unyoya. Wulalowe alisimama.

"Talala..."

Alimpita na chungu chake.

Ndivyo Wulalowe alivyoingia nyumba ile aliyotamani kuingia, ila kwa mlango mwingine. Majira yote ya theluji walilala chini ya paa moja la magome, moto mmoja katikati, na hawakusemezana. Jina la marehemu lilirudi midomoni mwa watu, maana lilikuwa limepata mwenyewe. Yule Mama akawa tena Mama Chemames, akanawa masizi, akaanza hata kuimba akitwanga. Kijana wakamwita Chemames. Mimi nitaendelea kumwita Wulalowe, ni ukaidi wangu tu na haumdhuru mtu.

Theluji ilipoanza kulegea watu walikwenda kwenye miti ya sukari kukinga utomvu. Talala na Wulalowe walipangiwa sufuria moja ya shaba, iliyonunuliwa kwa watu wa maji ya chumvi, wale waliokuja kwa merikebu, kwa sababu ni ndugu, na ndugu hufanya kazi pamoja. Mvuke mtamu uliwazunguka. Talala alikoroga mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Si ungesema hunitaki? Ungesema tu! Ningelia, ningenyamaza. Umeona bora uwe ndugu yangu?"

"Sikutaka wanifanye ndugu yako."

"Ulimwita mama!"

"Nani aliniambia nimwite mama?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Nani alinifundisha?" Sauti ya Wulalowe ilikatika. "Kwa upole, kama mtu aliyezoea! Nilizoea, Talala. Aliniuliza kama nimekula, na alikuwa hajala yeye, na neno lilikuwa liko pale pale uliponiwekea. Ningemwambia nini?"

Talala aliketi kwenye theluji na joho lake. Utomvu uliungua, na hakuna aliyeutoa motoni. Siku zote zile alikuwa amejilisha hasira, na hasira ni chakula. Sasa ilimwondoka, akabaki na mapenzi yale yale, na hakujua ayapeleke wapi.

"Tukimbie," alisema Wulalowe. "Twende upande wa machweo, juu ya milima."

"Huko nitakuwa ukoo gani?"

"Kobe."

"Na wewe?"

Wulalowe aliinamisha macho kwenye joho alilovaa.

"Huoni? Tutabeba ndugu wawili tuwapeleke milimani." Talala alijifuta uso. "Twende kwa Bibi."

Bibi Pilsit aliwasikiliza huku anavunja karanga za msituni kwa jiwe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililowatisha.

"Mnataka nifungue kifundo hiki?" aliuliza. "Mimi sikukifunga. Kijana alikifunga mwenyewe, kwa mdomo. Aende akakifungue kwa mdomo. Avue nguo hizo, aziweke mbele ya mama yake, amwambie: mwanao amekufa. Basi. Sitamzuia, na mtu yeyote asimzuie."

Wulalowe alikwenda saa ile ile, mchana kweupe, Talala nyuma yake. Alikuwa na uamuzi. Alilivua joho la manyoya njiani akalibeba mikononi.

Mama Chemames alikuwa mlangoni akishona viatu vya ngozi. Alimwona anakuja, kifua wazi.

"Hee! Baridi hii unavua nguo? Unataka kuniua wewe?" Alilichukua joho mikononi mwake, akamtupia mabegani, akalivuta mpaka shingoni. "Njoo upime viatu. Miguu yako imekuwa mikubwa, sijui unakula nini huko. Talala mwanangu, mtazame kaka yako anavyotetemeka. Umekula, baba?"

Wulalowe alifungua mdomo. Talala alimwona anautafuta ule mwanzo, mwanao amekufa, maneno mawili tu. Mikono ya mama mkubwa ilikuwa bado kwenye kola ya manyoya, inasawazisha. Ilikuwa imenenepa tena ile mikono.

"Bado, mama," alisema.

"Nilijua! Ingieni basi, mbona mmesimama?"

Wakaingia. Ila kabla ya kuvuka mlango Talala alikuwa ameushika mkono wa Wulalowe, akaubana mara moja, kisha akauachia, na hawakugusana tena.

*

Samaki walipanda, wakashuka. Mahindi yalivunwa. Majani yalipodondoka tena akaja mlangoni mama mmoja wa ukoo wa Bata Mzinga, amebeba paja.

"Mwanangu Opalanie ameua," alisema, akaliweka, akaondoka.

Opalanie alikuwa mtu mwema, masikio makubwa, mchapakazi, na kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa mtu fulani. Mama Chemames alifurahi mpaka akaimba. Nyama ikapikwa. Na kwa kuwa msichana hana baba wala mjomba aliye hai, alitakiwa kaka aionje kwanza. Akiimeza, nyumba nzima inakula. Akiiweka chini, paja linarudishwa lilikotoka na hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Talala alimfuata kwenye kuni, nyuma ya nyumba.

"Nikuambie?" aliuliza.

"Niambie."

"Ukiikataa nitafurahi. Nitafurahi sana. Na mwakani atakuja mwingine, utaikataa, nitafurahi, mpaka nitazeeka kwenye moto ule nikikutazama." Alimwongezea kuni moja mikononi. "Ukiila, nitapata watoto. Watakuwa Kobe. Na kwetu nani humfundisha mtoto kuvuta upinde?"

"Mjomba wake."

"Baba ana kazi gani? Mjomba ndiye mwenye watoto."

Wulalowe alizitazama kuni mikononi mwake. "Unanitaka niile?"

"Sitaki uile. Ila, kaka..." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, na neno lilimtoka kwa shida kama mwiba. "Kaka, uile."

Waliketi wote. Bibi Pilsit na meno yake matatu, Mama Chemames amepaka rangi nyekundu mashavuni, Talala karibu na kinu, tayari kutwanga mahindi ya mkate au kutotwanga. Wulalowe aliletewa kipande cha kwanza. Kilikuwa laini, chenye mafuta, kimechaguliwa na mtu aliyependa, na yeye alijua kuchagua kule. Alikitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu mpaka wengine wakaanza kutazamana. Kisha akameza.

Nyuma yake mchi ukagonga kinu, mara moja, halafu tena.

Mama Chemames alimwinamia, akampangusa mafuta mdomoni kwa kidole gumba.

"Mwanangu," alisema, "umekula?"

"Nimekula, mama."